Chupa Mbili, Tumbo Moja

Barua mbili zilifika siku moja, katika bahasha zinazofanana kama pacha, na karani akazifungua zote mbili kwa sababu katika nyumba ile kila bahasha hufunguliwa na yeye. Ni karani wa shule ya msingi, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuna karatasi iliyompita mkononi bila kusomwa mpaka kwenye mhuri. Ya kwanza aliisoma akiwa amesimama. Ilikuwa yake. Kituo cha afya kilimjulisha kwamba kipimo cha choo alichopeleka hakikuonyesha damu, na kwamba apime tena baada ya mwaka mmoja. Akaiweka mezani bila haraka, maana jibu hilo alishalizoea. Akasoma ya pili, ya mumewe, akatafuta kiti.

Ya mumewe ilisema damu imeonekana. Haikutaja saratani, iliandikwa kwa adabu, ikamtaka mhusika afike kituoni ndani ya siku saba ili apangiwe kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana. Karani alilisoma neno "mhusika" mara tatu.

Mwanamke mwingine angelia kwa ajili ya mumewe. Karani hakulia wala hakukimbilia simu. Alizilaza zile karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akajiuliza swali ambalo sidhani kama kuna mke mwingine aliyewahi kujiuliza: imewezekanaje? Kwa maana chupa zote mbili, yenye jina lake na yenye jina la mumewe, alizijaza yeye mwenyewe, asubuhi moja, kutoka tumbo moja. Tumbo lake.

*

Mumewe ni mkaguzi wa mizani. Huzunguka madukani na sanduku la mawe ya kupimia, mizani iliyo sahihi akaigonga mhuri, isiyo sahihi akaifunga. Wafanyabiashara wamempa jina la Gramu, kwa kuwa siku moja alibishana saa nzima na muuza sukari kwa ajili ya gramu nne, na tangu hapo jina limemganda. Ni mtu mwema, lakini mkaidi, na hapendi kuguswaguswa na waganga.

"Soma," mkewe alimwambia jioni ile, hata viatu hajavua.

Gramu alisoma barua yenye jina lake, na uso ukamkauka. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa utumbo huohuo, katika chumba cha nyuma cha nyumba hiihii, na hakuna siku anayoweza kupita mbele ya mlango ule bila kukumbuka. Akasoma tena. Kisha jambo fulani likamjia kichwani, akainua macho.

"Lakini hii si yangu," alisema.

Hapo mkewe akaona kitu ambacho afadhali asingekiona. Mabega ya mumewe yalishuka, pumzi ndefu ikamtoka, uso ukalegea. Ilikuwa sekunde moja tu, labda mbili, kabla hajakumbuka kwamba kama si yake basi kuna mwenyewe, na mwenyewe amekaa mbele yake.

"Umefurahi," mkewe alisema.

"Sijafurahi."

"Umepumua."

"Mtu hapumui ndani ya nyumba yake?"

"Umepumua kwa namna yake, Gramu. Nimekuona." Akimwita Gramu, ujue amekasirika.

Mambo yenyewe yalianza kama mzaha. Miaka minne iliyopita kituo cha afya kilitangaza kwamba kila aliyevuka hamsini apime choo mara moja kwa mwaka, kuangalia damu isiyoonekana kwa macho. Mwaka wa kwanza wote wawili walipima, na Gramu akanung'unika wiki nzima, eti mtu mzima anapewa kijiti na kichupa achokonoe mambo. Mwaka wa pili kichupa kilimkuta safarini. Mkewe alimpigia simu kumwambia siku zimebaki chache, naye akajibu, "Si ujaze tu, mama watoto. Tunakula chungu kimoja, tumbo si moja?" Walicheka sana. Karani akajaza. Mwaka wa tatu Gramu hakuwa safarini, alikuwa sebuleni. Mwaka huu wa nne hata kulizungumza hawakulizungumza.

Lililokuwa baya zaidi, walisifiwa. Muuguzi wa kituo, ambaye ana daftari lenye alama ya kila nyumba, aliwasimamisha kwenye mkutano wa mtaa. "Mume na mke, hawajakosa hata mwaka," alisema, na watu wakawapigia makofi. Gramu aliinama kidogo, kama mtu mnyenyekevu.

"Kesho twende ukaonwe," Gramu alimwambia mkewe sasa.

"Nikaonwe nini? Yangu hii hapa. Jina langu, namba yangu, imesema safi."

"Lakini na hiyo nyingine ni yako! Unajua ni yako."

"Mimi najua kusoma. Hii imeandikwa jina lako. Aliyeitwa ni wewe." Aliisukuma ile karatasi mpaka ikagusa kidole cha mumewe. "Nenda. Watakuingiza hiyo kamera yao, hawatakuta kitu, kesi imekwisha."

"Na damu?"

"Hizo mashine hazikosei? Tumbo moja, siku moja, moja inasema ipo, nyingine inasema haipo. Moja imekosea. Kwa nini isiwe hiyo yako?"

Swali lilikuwa zuri. Na niseme ukweli wote, hata kama unamwaibisha: alilifikiria lile wazo la kwenda yeye. Tumbo lake likiangaliwa lionekane zima, mkewe abaki na karatasi yake safi, daftari la muuguzi libaki na alama zake, na hakuna atakayejua lolote. Kwa nusu saa nzima lilionekana wazo la mtu mwenye akili.

"Nitakwenda mimi," alisema.

Mkewe hakumshukuru. Aliondoa vikombe mezani.

*

Asubuhi, kabla ya kituoni, Gramu alikuwa na duka la nafaka la kukagua. Mizani ya juu ya kaunta ilikuwa sahihi kabisa. Aliweka jiwe la kilo moja, ikasema kilo moja. La gramu mia mbili, hivyohivyo. Kisha akaigeuza akatazama namba ya chini, na namba haikuwa ile iliyokuwa kwenye orodha yake.

"Hii si yako."

Muuza nafaka alijikuna shingo. "Ni ya jirani yangu wa pili, mzee. Yangu imeshikwa na homa tangu juzi. Lakini yule bwana ni kama ndugu. Tunauza mtaa mmoja, wateja walewale, bei ileile. Mizani yake si ni kama yangu tu?"

Kwa ujanja huu Gramu ana hotuba yake, ameitoa mara mia, na wenye maduka huigiza sauti yake akishaondoka: mimi nimekuja kupima mizani yako, sikuja kupima ujirani wenu. Alifungua kinywa aitoe. Haikutoka. Alibaki amesimama na jiwe la gramu mia mbili kiganjani, masikio yamemwaka moto.

"Unaumwa, mzee?" muuza nafaka aliuliza, na kwa kweli alianza kuogopa.

"Lete yako," Gramu alisema kwa sauti ndogo.

Wakati inatafutwa huko stoo, mkulima mmoja alishusha magunia matatu ya mahindi mlangoni. Muuza nafaka akaacha kutafuta, akachukua bomba lake la chuma lenye ncha, akalichoma kwenye gunia la kwanza. Punje zikamwagika kiganjani, nzuri, nyeupe. Akachoma tena gunia lilelile upande wa chini. Akachoma na katikati. Safari hii zilitoka punje za kijivu zenye ukungu.

"Mara ya kwanza si yalikuwa mazuri?" Gramu aliuliza. Alikuwa ameliona jambo hilo maisha yake yote, na leo ndiyo kwanza analitazama.

"Mara ya kwanza nilichoma pazuri."

"Kwa hiyo gunia ni zuri au bovu?"

"Lina ubovu. Ubovu haukai kila mahali, mzee. Ukipachoma pazuri unajua habari ya pale pale ulipochoma, basi. Ukiukuta mara moja, upo." Alimgeukia mkulima. "Sasa wewe unaniletea nini hiki?"

Wakaanza kuvutana. Gramu hakusubiri mwisho wa mabishano wala mizani yenye homa. Alitoka, na muuza nafaka ilibidi amkimbilie mpaka barabarani na sanduku lake la mawe, kwa kuwa alilisahau juu ya kaunta.

*

Kituoni benchi lilikuwa limejaa. Mwisho kabisa, karibu na mlango wa muuguzi, alikaa muuza nyama ambaye mizani yake Gramu aliifunga mwezi uliopita. Walisalimiana kwa videvu. Mlango wenyewe haufungi vizuri, ukiusukuma unarudi, na kila mtu mtaani anajua.

"Karibu, baba. Umepata barua," muuguzi alisema. Alikuwa ameshafungua daftari. "Usitishike. Damu maana yake tuangalie, siyo kwamba tayari."

"Nina rafiki yangu," Gramu alianza.

"Ndiyo."

"Huyu rafiki yangu alipewa chupa. Akawa hana nafasi. Sasa mkewe akamsaidia."

"Kumsaidia kubeba?"

"Kujaza."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Kwa choo cha nani?"

Gramu alitazama dari, akatazama kabati la dawa, akatazama bango la mtoto anayenawa mikono. Mwanaume huyu amewahi kusimama mbele ya wafanyabiashara arobaini wenye hasira bila kupepesa macho. "Cha mke," alisema.

"Rafiki yako huyo anapima mizani?"

Gramu alirudi kutazama dari.

"Chupa ya mkeo ukaiwekea jina lako!" Muuguzi hakukusudia kupaza sauti, ilimtoka. Kule nje benchi zima lilinyamaza. "Mara ngapi?"

"Miaka mitatu."

"Na mimi nimewasimamisha mbele ya watu! Nimewataja mpaka wilayani. Baba, mimi nakutumia wewe kuwabembeleza wengine." Alifunika daftari akalifungua tena, hakujua la kufanya na mikono yake. Kisha hasira ikampungua ghafla, maana alikuwa ameunganisha mambo. "Kwa hiyo mwenye damu ni mama."

"Lakini chupa yake imesema safi. Nimekuja kuuliza hilo. Inawezekanaje?"

"Kinyama kikiota kwenye utumbo hakitoi damu kila siku, na siku kikitoa, damu haisambai kila mahali. Kijiti kinachukua kidogo tu. Leo kinaikosa, kesho kinaikuta. Ndiyo sababu tunawasumbua kila mwaka, siyo kwamba tunapenda vinyesi vyenu. Ikionekana mara moja, hatuulizi ile nyingine ilisemaje."

Gramu aliitikia kwa kichwa polepole. Alikuwa ameshaambiwa hivyo mara moja asubuhi ile. "Mke wangu hataki kuja. Anasema nije mimi niangaliwe."

"Wewe tutakuangalia tukiwa na kitu chako cha kuangalia." Muuguzi alikata jina la Gramu kwenye fomu ya hospitali, akaandika la mkewe juu yake, akaigonga mhuri. "Wiki ijayo, Jumatano. Ukishindwa kumleta nakuja mwenyewe nyumbani, na safari hii sitakuja na makofi."

Alipotoka, watu wa benchi walijitia hamnazo, kila mmoja amegundua jambo la maana kwenye kucha zake. Muuza nyama peke yake alimtazama usoni. "Pole, mkaguzi," alisema. Gramu angependa atukanwe kuliko pole ile.

*

Nyumbani alianza vibaya. "Sikiliza," alimwambia mkewe, "wewe chukulia kwamba ni gunia."

"Mimi ni gunia?"

"Siyo wewe. Tumbo."

"Tumbo langu ni gunia." Karani alikuwa anapiga pasi, na pasi ikasimama juu ya kola. "Umekwenda kituoni kuniletea hayo?"

Akamweleza yote kwa kigugumizi, bomba, ukungu, kijiti, Jumatano. Akampa ile fomu. Karani aliona jina lake lililoandikwa juu ya jina lililokatwa, akaikunja fomu mara nne, ikawa ndogo kama stempu.

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeshaona mwisho wake. Nani alimwosha baba yako? Wewe ulikuwa unazunguka na mawe yako, mimi nilikuwa mle ndani." Alionyesha kwa kidevu upande wa chumba cha nyuma. "Walimwambia hivyohivyo, ni kuangalia tu. Wakaangalia. Miezi mitano."

"Baba alikwenda akiwa hawezi kusimama. Wewe unapanda ngazi za shule ukiimba."

Karani alizima pasi. Alipoanza kusema hakumtazama mumewe.

"Unajua kwa nini nilijaza chupa yako ule mwaka wa pili? Wewe ulidhani ni mzaha. Ulirudi zikiwa zimebaki siku tatu. Ningeweza kukungoja. Sikutaka. Niliogopa chupa yako itasema alichokuwa nacho baba yako. Yangu niliijua. Kwetu hakuna aliyekufa na tumbo. Nikasema nikiweka langu, karatasi itakuja safi, nami nitalala. Nimelala miaka mitatu, baba watoto. Miaka mitatu nimelala vizuri kwa ajili yako. Sasa nani aliniambia niogope langu?"

Akalia, sauti ikiwa wazi, kama mtu aliyechoka kuizuia. Gramu hajui kubembeleza, hajawahi kujua. Alikwenda akasimama karibu naye mpaka bega likagusa bega.

"Ninaogopa," alisema. "Jana nilipumua, ni kweli. Nimejichukia tangu jana. Usife ukaniacha."

Walikaa hivyo. Kisha Gramu akaona ni heri amwage mtama wote kwa pamoja. "Tena kuna jambo. Muuza nyama amesikia."

"Muuza nyama gani?"

"Yule wa kona. Alikuwa benchi. Na mlango unaujua."

Karani aliinua uso wenye machozi. "Amesikia nini?"

"Kwamba chupa yangu ni choo chako."

Alimkodolea macho mumewe, na kicheko kikamponyoka katikati ya kilio, cha kwanza tangu barua zifike, kibaya, chenye kamasi. "Basi mpaka kesho mchana mji mzima unajua."

"Mpaka leo jioni."

"Na walimu wataniuliza, karani, umeshakwenda? Kila asubuhi, mlangoni." Alijipangusa kwa kola ya shati aliyokuwa anaipiga pasi. "Umenifungia njia zote, Gramu."

Akaikunjua ile fomu, mkunjo mmoja baada ya mwingine, akainyoosha mezani kwa kiganja.

*

Jumanne karani alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita baada ya lita, na choo cha nyumbani kikawa chake peke yake kutwa nzima. Gramu alibisha hodi kwa jirani mara tatu na kila mara alilazimika kueleza. Jumatano wakaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye maneno machache, na Gramu alibaki ukumbini akihesabu vigae vya sakafu, akikosea, akianza upya.

Walimwita ndani kuonyeshwa picha. Kilikuwa kitu kidogo, chekundu, kimeinuka kama haragwe kwenye ukuta laini wa utumbo. Na kingine kidogo zaidi mbele yake.

"Nimevitoa vyote viwili hapohapo," daktari alisema. "Tutavipima."

"Hiki kilikuwepo tangu lini?" karani aliuliza. Alikuwa bado na usingizi wa dawa, lakini aliisogelea picha karibu kabisa, na macho yake hayakuwa na woga tena. Alikitazama kile kitu kama anavyotazama jina geni kwenye orodha ya wanafunzi.

"Miaka kadhaa. Vinakua polepole."

"Kwa hiyo mwaka jana nilikuwa nacho, nikapewa safi. Mara mbili."

"Mara mbili?" daktari aliuliza.

"Ni habari ndefu," Gramu alisema.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili, na kuhusu siku zile sitasema zaidi ya kwamba karani alipiga pasi kila nguo iliyokuwemo ndani, hata mapazia. Haikuwa saratani. Kile kikubwa kilikuwa kimeshaanza kubadilika, na kingeachwa, daktari alisema, tungekuwa na mazungumzo mengine. Arudi kwenye kamera baada ya miaka mitatu. Karani alitaka aambiwe ni mwezi gani. Daktari akacheka, akasema bado mapema. Karani hakucheka, akangoja mpaka mwezi ukaandikwa.

*

Walipeleka majibu kituoni wote wawili, na watu wa benchi wakasogea kuwapa nafasi. Muuguzi alisoma, akamkumbatia karani juu ya meza, na kwa dakika chache kile chumba kilikuwa na furaha kuliko ukubwa wake. Gramu naye ulimi ukalegea. Kuna jambo alikuwa analizungusha kichwani tangu juzi, na lilikuwa linamwasha alitoe.

"Lakini tupige hesabu," alisema akitabasamu. "Mimi ningejaza yangu kama mtu mwaminifu, mama watoto angekuwa na chupa moja tu. Na chupa yake ilisema safi. Angerudi nyumbani, na lile haragwe ndani. Chupa iliyomkamata ni yangu. Sasa nani amemwokoa? Si uvivu wangu?"

Na hesabu haikuwa na kosa, hilo ndilo la ajabu. Hata mimi nimeitafuta dosari nikaikosa. Muuguzi aliacha kuandika.

"Tungekipata mwakani," alisema. "Au mwaka unaofuata. Kipimo kimoja kinaweza kukosa. Anayekuja kila mwaka ni vigumu akose yote. Usije ukawaambia watu hayo huko nje, baba, nakuomba."

"Nasema tu."

"Ni kweli alivyosema," karani alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na aliyemjua angejikaza. "Mimi nimepimwa mara mbili kila mwaka, miaka mitatu. Mara sita. Na ya sita ikaniokoa. Mimi nimeokolewa na chupa yako." Akamgeukia. "Wewe umeokolewa na ya nani?"

Tabasamu la Gramu lilibaki usoni kidogo, limekosa pa kwenda. Baba yake alikufa akiwa na miaka sitini na mmoja. Yeye ana hamsini na minane.

Muuguzi alirudisha kurasa za daftari nyuma, akakata alama tatu mbele ya jina la Gramu kwa mistari mifupi. Kisha akafungua droo, akaweka kichupa kipya mezani.

Ilikuwa kawaida yao kwamba karani ndiye huvichukua na kuvitia mkobani. Safari hii aliiweka mikono yake mapajani. Kichupa kikakaa pale katikati ya watu watatu. "Wiki ijayo nina safari ya kikazi," Gramu alianza, akasikia mwenyewe namna ilivyotoka. Akanyoosha mkono akakichukua.

Asubuhi ya pili alijifungia chooni, na baada ya muda sauti ikatoka. "Mama watoto! Hiki kijiti nakichoma wapi?"

"Kuna karatasi ndani ya pakiti."

"Si uniambie tu?"

"Isome."

Akaisoma yote, kwa sauti, mstari kwa mstari, na mkewe akasikiliza akiwa ameegemea ukuta wa nje, mkono mdomoni, hajui kama anazuia kicheko au kingine. Hakuingia.

Gramu alikwenda kituoni peke yake. Kichupa alikuwa amekitia mfuko wa shati, akaushika mfuko kwa kiganja njia nzima, na watu wawili watatu waliomjua walimsalimia, asiwaone. Mlango wa muuguzi ulikuwa wazi. Alikiweka juu ya meza, naye muuguzi akakiinua, akasoma jina, akasoma tarehe, akaona mwandiko si ule wa karani aliouzoea.

"Samahani, baba, nyumba yako siku hizi naiuliza," alisema. "Hii ni ya nani?"

"Yangu," Gramu alisema, na kiganja kikaurudia mfuko mtupu wa shati, kwa sababu safari hii ilikuwa kweli.